Kofia Isiguse Udongo

7 Juni 1999

Dada yangu Herlinda alikuja kabla sijamaliza kahawa, akakaa kwenye kiti cha mlangoni bila kukaribishwa, akasema shamba la mteremkoni tuwape ng'ombe wa Bwana Abundio.

Hakusema tufikirie. Alisema, "Nimeshaongea naye, Leoncio. Waya atazungusha mwenyewe. Wewe utakaa hapa na vitabu vyako."

Nilimkumbusha kwamba shamba lile baba alituachia sisi wawili. Akajibu kuwa ndiyo maana amekuja kuniambia, la sivyo ningewakuta ng'ombe ndani.

Nitauandika msimu huu siku kwa siku. Nimefundisha miaka thelathini na minne na sijui njia nyingine ya kutuliza moyo. Na kwa kuwa daftari hili huenda likasomwa na mtu nisiyemjua, niyaweke mambo kwa utaratibu.

Shamba letu halilimwi kwa jembe wala halichomwi moto. Kuanzia Mei hutawaliwa na maharagwe ya mbolea, jamaa wa karibu wa upupu, ila haya hayawashi. Yanatambaa na kufunika udongo wote mpaka Desemba. Hapo tunayafyeka kwa panga, tunayaacha yalale palepale kama mkeka, na katikati ya mkeka tunatoboa mashimo ya mahindi ya kipupwe kwa muo, yaani ule mti mrefu wenye ncha ya chuma. Mbegu za maharagwe zilizoanguka huota zenyewe chini ya mahindi, na mzunguko unaanza tena. Tufani la Oktoba iliyopita liliposhusha nusu ya vilima vya pwani hii mtoni, mteremko wetu ulipoteza ukanda mmoja tu, mwembamba kama uchochoro.

Lakini huu ni mwaka wa tatu tangu yaingie magugu ambayo watu wetu huyaita mtembezi, kwa kuwa leo yuko kwa jirani na kesho yuko kwako. Shina lake lina vinyweleo vinavyoingia kiganjani kama vigae vya chupa. Mwaka huu maharagwe yameota mabaka mabaka, na kati ya mabaka ni mtembezi.

"Hilo si shamba tena," alisema Herlinda. "Ni malisho yasiyo na ng'ombe."

Tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mwishoni tumekubaliana kwa kofia. Hapa kwetu, mtu akitaka kuazima shamba la mahindi ya kipupwe, husimama njiani akarusha kofia juu ya maharagwe. Ikibaki juu ya majani, shamba lina nguvu. Ikizama ikagusa udongo, haliazimwi. Siku ya Marehemu, tarehe mbili Novemba, tukitoka makaburini, Herlinda atarusha kofia. Ikibaki juu, ng'ombe hawaingii. Ikigusa udongo, neno la mwisho ni lake.

9 Juni

Amekuja Odilia Murcia. Nilimfundisha mpaka darasa la nne, kisha mama yake akaugua akaacha shule. Sasa ana miaka thelathini na minane na watoto watatu, na shamba lake lote lilikwenda na tufani. Ameomba kulima mahindi ya kipupwe kwenye mteremko wetu. Badala yake atafanya kazi nami mpaka maharagwe yafunge, yaani yafunike udongo wote. Nimemweleza habari ya kofia, ili ajue kwamba huenda akafanya kazi miezi mitano akakuta waya.

"Kwani nina pengine pa kwenda, Mwalimu?"

Nimekubali, lakini nimemwambia wazi ninachofikiri: kwamba mtembezi aliingia kwetu kupitia magunia ya mpunga ambayo yeye Odilia alikuwa akiyapitisha njia ya juu kutoka tambarare.

"Kila mtu anapita na magunia," alisema. "Hata padri anapita na magunia. Yeye umemwambia?"

12 Juni

Mvua.

14 Juni

Odilia amefika alfajiri na panga mkononi. Nimemrudisha nyumbani. Mwezi umeandama jana, na magugu yakifyekwa mwezi ukiwa unakua, huchipua kwa nguvu mara mbili. Yakifyekwa mwezi ukipungua, mizizi yake hulegea. Baba alilifuata hilo maisha yake yote. Darasani nilikuwa nawafundisha watoto kwamba mwezi ni jiwe tu, lakini shambani mimi ni mtoto wa baba yangu.

Odilia alitazama juu. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye paa la kanisa.

"Mwenyewe haonekani, Mwalimu. Utajuaje amekasirika?"

Nilimwonyesha kalenda. Tutaanza tarehe ishirini na tisa.

21 Juni

Mvua. Nimenoa mapanga yote mawili. Kinoo kimebaki nusu.

24 Juni

Nimechambua mbegu za maharagwe ya mbolea mezani: nyeusi, nyeupe, za madoadoa, kubwa kama kifundo cha kidole. Nimetupa zilizotobolewa. Mtembezi amefika magotini.

29 Juni

Tumeanza juu, karibu na njia. Mkono wa kushoto unashika kijiti chenye kulabu, unayavuta magugu na kuyainamisha. Mkono wa kulia unapitisha panga chini kabisa. Kila tukimaliza kipande, tunarudi kwa muo: shimo, mbegu mbili, kisigino. Shimo, mbegu mbili, kisigino.

Odilia hafyeki vizuri. Anafika kwenye shina la mtembezi, anaweka panga chini, analing'oa na mizizi yake. Nilimwambia kwa mwendo huo tutafika Krismasi.

"Ukimkata kichwa anaota viwili," alisema. "Ukimng'oa, amekwenda."

"Mwezi ukipungua haoti."

"Sawa, Mwalimu."

Ile "sawa" naijua. Ni ya darasa la nne.

3 Julai

Kazi. Viganja vinawaka.

8 Julai

Mvua mchana kutwa, tumepoteza siku. Bwana Abundio ameteremsha vigingi kumi vya uzio kando ya njia, "viwe tayari tu, Mwalimu, si haraka." Ni mtu mpole. Nyumba nne za bonde hili zimehama tangu ng'ombe wake waingie, na kila moja aliisaidia kubeba vyombo.

12 Julai

Tumemaliza nusu ya juu. Mwezi utaandama kesho. Nimemwambia Odilia tusimame, turudi tarehe ishirini na tisa kwa nusu ya chini.

13 Julai

Leo tumegombana, na sijazoea kugombana na wanafunzi wangu.

Alikuja kama kawaida. Nilikuwa nyumbani nikisoma. Nilipoona moshi wa kahawa yake juu ya mteremko niliteremka, nikamkuta ameshang'oa kipande cha ukubwa wa jiko katika nusu ya chini.

"Nilisema tusimame."

"Mwalimu, njoo uone." Alivuta shina moja, akalipasua kwa ukucha. Ndani, likiwa limekunjwa, palikuwa na suke jembamba la kijani. "Hili likitoka, halikai wiki mbili. Mbegu zake haziivi pamoja, zinaiva moja moja kuanzia juu na kudondoka zenyewe. Huhitaji kuligusa. Nimepalilia mpunga wa watu huko tambarare miaka sita, namjua huyu."

"Ndiyo maana alikufuata huku."

Sikupaswa kusema hivyo. Alifuta panga kwenye gauni lake.

"Tukingoja siku kumi na sita, tutakuwa tunafyeka mabua," alisema. "Kofia yako itaanguka hadi chini kabisa, nami na watoto wangu tutakula nini Aprili?"

"Tukifyeka sasa yatachipua yote, na kofia itaanguka vilevile."

"Nani kakwambia?"

"Shamba ni langu, Odilia."

"Ndiyo," alisema. "Hilo sina la kubisha."

Alimwaga kahawa yake kwenye majivu akaondoka. Nasikia amepata kibarua cha siku chache kwa watu wa mtoni. Nina hakika niko sahihi. Naandika hivyo ili nione linavyosomeka.

20 Julai

Nimeteremka peke yangu. Mtembezi amenipita kiunoni. Masuke yametoka, ya mviringo, laini, kama mkia wa panya. Niligusa moja na punje ya juu ikabaki kidoleni mwangu bila kuvutwa.

Mwezi ni nusu.

22 Julai

Vigingi ishirini na tano kando ya njia.

25 Julai

Sikulala vizuri. Sikuteremka.

29 Julai

Mwezi umeanza kupungua tangu jana. Odilia amekuja, hakunisalimia kwa ubaya wala kwa uzuri. Tumeanza nusu ya chini.

Kila panga lilipopita, mbegu zilimwagika. Sikuzitegemea nyingi namna hiyo. Ziliingia kwenye kola ya shati, kwenye viatu, zikagonga majani makavu kwa mlio wa mchele unaopetwa. Nilimtazama Odilia, nikingoja aseme. Aliendelea kufyeka kama nilivyomfundisha, chini kabisa, kwa kulabu na panga, vizuri sana.

6 Agosti

Nusu ya chini imekwisha kufyekwa na kupandwa. Shimo, mbegu mbili, kisigino. Nusu ya juu maharagwe yamefika kwenye kifundo cha mguu na yameanza kushikana mikono.

12 Agosti

Nusu ya chini imekuwa kijani kwa siku nne. Kutoka njiani inapendeza.

Nimeteremka kuangalia. Si maharagwe.

19 Agosti

Leo nitaandika kwa kirefu, mkono ukichoka nitapumzika.

Herlinda alikuja mteremkoni. Miaka miwili hajakanyaga pale kwa sababu ya goti. Alikuja na fimbo, akakataa mkono wangu, akateremka ubavu-ubavu mpaka kwenye mstari. Nauita mstari kwa kuwa unaonekana hata kwa mtu asiyejua kilimo: juu yake majani mapana ya maharagwe, matatu matatu, yamefika gotini, chini yake mtembezi, mnene kama nywele za brashi, na ndani ya brashi hiyo miche ya maharagwe ya manjano inayotafuta jua. Odilia alikuwa hatua kumi juu yetu, akijaza mapengo kwa muo.

"Mstari huu nani kauchora?" aliuliza Herlinda.

"Ndipo tulipofika tarehe kumi na mbili Julai."

"Mkaacha kwa nini? Mvua?"

"Mwezi ulikuwa unaandama."

Aliketi kwenye jiwe, akanyoosha goti lake kwa mikono miwili.

"Bado unafanya ule mwezi wa baba."

"Watu wote hapa wanaufuata."

"Wanaufuata kwa miti ya kujengea. Wanaufuata kwa kunyoa nywele. Kwa mtembezi hawaufuati, maana mtembezi hakuwepo enzi za baba zao. Hata baba yetu hakumjua." Aling'oa shina moja lililokuwa karibu na fimbo yake, akalitupa. "Na baba hakuwa na mwezi wowote, Leoncio."

Nilimwambia nakumbuka vizuri. Nakumbuka akisimama mlangoni akitazama juu, akimwambia mama kwamba sasa unapungua, sasa tunaweza kufyeka.

"Ulikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na kumi. Baba alikuwa kibarua wa migomba kule tambarare, na walimruhusu kuja nyumbani siku walizotaka wao. Wakati mwingine magugu yalikuwa yamefika kifuani na bado hawajampa ruhusa. Mama akimuuliza mbele yetu mbona palizi imechelewa, aseme nini? Kwamba kuna msimamizi mwenye filimbi ambaye hajamkubalia aje kupalilia shamba lake mwenyewe? Akasema tulikuwa tunangoja mwezi."

"Kila mara ulikuwa unapungua."

"Akikwambia unapungua, unapungua. Siku akija unakua, alisema leo tunang'oa, kung'oa hakuna masharti. Mimi ndiye niliyekuwa nang'oa. Wewe ulikuwa unashika kibuyu cha maji na kuuliza maswali."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maelezo matatu, yote yenye mantiki.

"Mwaka juzi ulifyeka lini?" aliuliza.

"Mwisho wa Julai."

"Na mwaka jana?"

"Agosti tarehe nane. Mwezi ulichelewa."

"Na masuke?"

"Yalikuwa yameshatoka."

"Na mbegu?"

Aliinuka kwa fimbo.

"Basi wewe miaka mitatu hujafyeka mtembezi," alisema. "Umempanda."

Alipanda juu ubavu-ubavu kama alivyokuja. Alipompita Odilia alimwambia, "Mwanangu, unakula vizuri? Umekonda," na Odilia akajibu kwamba anakula, Mama Herlinda, ahsante. Basi Odilia alikuwa karibu kiasi cha kusikia yote.

Nilibaki pale mpaka jua lilipohama. Nilifikiri juu ya yale magunia ya mpunga. Nilifikiri juu ya Julai tatu. Nilifikiri pia, na hili naona aibu kuliandika, kwamba nimewaeleza watu wengi habari ya mwezi, na wengine ni maskini kuliko mimi, na waliniamini kwa sababu ni Mwalimu.

20 Agosti

Nilimngoja Odilia njiani.

"Yale niliyosema juu ya magunia yako hayakuwa kweli."

"Najua."

"Na kuhusu Julai, wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

"Najua na hilo." Alipitisha kidole kwenye makali ya panga lake. "Darasa la nne uliniandikisha ubaoni mara hamsini: Nitangoja zamu yangu. Unakumbuka?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Siku tukipata ubao nitakwambia cha kuandika." Kisha akaniuliza, "Mwezi leo ukoje?"

"Unakua."

"Vizuri. Piga magoti."

Tumepiga magoti. Ameniwekea sheria zake: panga libaki njiani, tunang'oa asubuhi wakati udongo bado una maji, kidole kinaingia chini ya kitako cha mche na kuuinua na mizizi, miche ya maharagwe tunaizungukia kama mtu anayechambua kunde, penye pengo tunapanda mbegu tatu badala ya mbili. Hatua tano kwa asubuhi nzima. Nimehesabu: mteremko wa chini una hatua mia mbili na kumi kwa urefu. Sikumwambia.

27 Agosti

Hatua thelathini na nane. Magoti yangu yana rangi ya bitiruti.

4 Septemba

Sisimizi wakata-majani wamebeba maharagwe yote ya kona ya mashariki kwa siku moja, kila mmoja na kipande chake kichwani kama maandamano. Tumepanda upya.

Herlinda ametuma tortila, vile vimkate vya mahindi, na maharagwe kwa Odilia. Kwangu ametuma dawa ya magoti.

15 Septemba

Sikukuu ya Uhuru. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mwalimu sikwenda kuona watoto wakipita na ngoma. Niliwasikia kutoka mteremkoni. Odilia alikuwa anajua wimbo wa taifa wote, beti zote saba, na aliuimba akiwa amepiga magoti, bila kukosea. Nilimfundisha mimi. Sikumbuki kumsifu.

23 Septemba

Vigingi arobaini. Bwana Abundio alisimama njiani akatusalimu. "Mnafanya kazi nzuri," alisema, "ng'ombe wanapenda majani machanga."

2 Oktoba

Hatua mia mbili na kumi. Tumefika chini. Nyuma yetu nusu ya chini ina rangi mbili: penye kuanza, maharagwe yamefunga, huku mwisho bado ni miche ya kiganja. Zimebaki siku thelathini na moja. Odilia anasema ikipigwa mvua kidogo na jua kidogo, itatosha. Nimejizuia kueleza kwa nini haitatosha.

11 Oktoba

Mvua.

12 Oktoba

Mvua.

13 Oktoba

Mvua. Redio ya mji mkuu, Tegucigalpa, inataja mito kwa majina. Mwaka jana walianza hivyohivyo.

14 Oktoba

Siku ya nne. Mchana Odilia alikuja amejifunika nailoni, tukasimama mlangoni kwangu tukitazama mteremko, kwa maana hakuna mwenye akili ambaye angekanyaga pale. Maji ya nusu ya juu yalikuwa yanatoka safi. Naeleza: maji yakipita juu ya udongo uliofunikwa hutoka yakiwa na rangi ya chai nyepesi, yakipita juu ya udongo mtupu hutoka yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa. Chini kabisa, kwenye miche, yalikuwa yanatoka na rangi ya kahawa ya maziwa.

"Linakwenda," alisema Odilia kwa sauti ndogo.

Hakuwa anazungumza nami. Mwaka jana alisimama kwenye mlango wake vilevile na kulitazama shamba lake.

Nilitaka kumwambia litashika. Sikuwa na ushahidi. Nilimletea kiti.

17 Oktoba

Jua. Tumeteremka. Mteremko umeshika, isipokuwa chini kabisa, ambapo maji yamechimba mfereji wenye upana sawa na urefu wa mkono na kubeba miche yote iliyokuwemo. Mtu mzima anaweza kulala mle. Tumeujaza matawi na kupanda mbegu nne nne. Siku kumi na sita zimebaki. Maharagwe huchukua miezi.

Ni siku kumi na sita zilezile.

26 Oktoba

Pande zote mbili za mfereji maharagwe yanatambaa kuelekeana. Odilia ameyaelekeza kwa vijiti, tawi moja moja, akiyasuka juu ya pengo kama nywele za binti. Kutoka njiani pengo halionekani. Ukisimama juu yake, linaonekana.

31 Oktoba

Herlinda ameanza kupika boga kwa sukari guru kwa ajili ya marehemu. Nimekwenda kumsaidia kukata. Nilimuuliza kama kweli anawataka ng'ombe.

"Nataka kitu kisichongoja mtu," alisema. "Miaka yote nimekungoja. Ungoje mvua, ungoje mwezi, ungoje Leoncio amalize kueleza. Ng'ombe wakisikia njaa wanakula. Lete kisu hicho."

2 Novemba

Tulifagia kaburi la mama na la baba, tukaweka maua, tukala boga palepale. Kisha tukapanda njia ya mteremko: Herlinda na fimbo yake, mimi, Odilia. Bwana Abundio alikuwa ametangulia. Aliketi juu ya vigingi vyake, na alipotuona alisimama kwa heshima.

Herlinda alinivua kofia yangu ya ukindu kichwani bila kuniomba. Aliirusha kwenye nusu ya juu. Ilikaa juu ya majani kama imewekwa mezani.

"Hapo hata mimi naona," alisema Bwana Abundio kwa upole. "Jaribu chini, Mama Herlinda."

"Sijaomba ushauri," alisema Herlinda, lakini aliteremka. Odilia aliifuata kofia, akamletea. Tulipita mstari, ambao sasa hauonekani. Tulipita penye maharagwe yanayofika mapajani. Nilitumaini goti litamwuma asimame hapo. Alikwenda mpaka chini kabisa, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kuketi, akasimama mbele ya mfereji. Sidhani alijua. Labda alijua.

Akarusha.

Kofia ilitua juu ya matawi aliyoyasuka Odilia. Ilikaa. Nilivuta pumzi. Kisha ukingo wake mmoja ukainama, polepole, ikateleza kati ya majani mawili na kupotea.

"Goti langu haliingii mle," alisema Herlinda. "Leoncio, kaangalie. Imegusa?"

Nilipiga magoti, jambo ambalo nimelizoea. Nilitenga majani. Mwili wangu ulikuwa kati yao na kofia. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuona. Kofia ilikuwa imelala kwenye mfereji, na ukingo wake, urefu wa vidole viwili, ulikuwa kwenye tope. Sehemu nyingine yote ilikuwa juu ya matandazo na matawi. Ningeweza kueleza kwamba tawi si udongo. Ningeweza kueleza kwamba tope lililoletwa na maji si udongo wa shamba. Ningeweza tu kuinua kofia na kuifuta kwa kiganja. Nyuma yangu nilisikia Odilia akipumua kama mtu aliyebeba ndoo.

"Imegusa," nilisema.

Nilibaki nimepiga magoti. Nilikuwa nangoja sauti ya Bwana Abundio. Aliyesema ni Herlinda.

"Miaka sitini na tano," alisema, "nimengoja uniambie neno moja lisilo na maelezo nyuma yake." Alinigusa bega kwa fimbo ili nimpishe. "Kwa hiyo neno ni langu sasa."

"Ni lako, dada."

Alimgeukia Bwana Abundio, aliyekuwa ameteremka nyuma yetu. "Abundio, chukua vigingi vyako."

"Lakini kofia imegusa, mama."

"Imegusa. Ndiyo maana mimi ndiye ninayesema." Kisha kwa Odilia: "Wewe hungoji mtu. Nimekuona tangu Agosti. Shamba utaliongoza wewe, vipupwe vitatu, halafu tutaonana tena hapa na kofia. Siku ya kufyeka utasema wewe, siku ya kupanda utasema wewe. Huyu atafanya utakachomwambia. Akianza kueleza, mpe panga."

Odilia hakulia wala hakushukuru. Aliingiza mkono kwenye mfereji, akatoa kofia yangu, akaikung'uta tope kwenye goti lake, akanirudishia.

"Mbegu tano tano hapo, Mwalimu," alisema. "Kesho."

9 Novemba

Vigingi vimeondoka, isipokuwa kimoja. Odilia amekiomba. Amekichonga mpini wa muo mpya, wa kimo changu.

28 Novemba

Maganda yameanza kukauka. Mfereji umefungwa.

14 Desemba

Mwezi unakua. Tumeanza kufyeka.